Mto Zigi Hutunzwa Mashambani: Niliyojifunza Usambara Mashariki

Mto Zigi ni mto mfupi. Unaanzia katika misitu ya Amani, juu ya Milima ya Usambara Mashariki, unapokea maji ya Kihuhwi na ya vijito vingine ambavyo vingi havijulikani kwa jina nje ya vijiji vinamopita, unateremka kati ya mashamba ya Muheza hadi Bwawa la Mabayani, kisha unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa jiji la Tanga. Kwa sababu ya ufupi huo, hakuna nafasi ya kutosha ya kosa la mlimani kusahihishwa na bonde kabla halijafika mjini. Mvua kubwa ikinyesha kwenye mteremko uliolimwa bila kinga, maji yake hufika bwawani yakiwa bado na rangi ya shamba yalikotoka, na mkazi wa Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, ambaye hajawahi kukanyaga Amani huyaona kwenye ndoo yake au huyalipia kwenye gharama za kuyasafisha.

Nilipelekwa wilayani Muheza kuwa afisa ugani mara baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, wakati makovu ya maporomoko yalikuwa bado mekundu kwenye miteremko na wakulima wakizungumzia mashamba yaliyohama pamoja na mazao yake. Mwaka huohuo wa 1997 ndipo Amani ilipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini Tanzania, yenye takriban hekta 8,380. Watu wengi waliamini kwamba tangazo hilo lilimaliza kazi: msitu umepata mlinzi, basi mto nao umepona. Nilichokuja kukielewa katika miaka ya kuzunguka vijijini ni kwamba msitu uliohifadhiwa unatupa maji safi yaanzapo safari, lakini sehemu kubwa ya tope inaingia baadaye, katika mashamba madogo yaliyo kati ya mpaka wa hifadhi na bwawa. Huko hakuna geti wala askari wa misitu, na asiyezungumza na mwenye jembe hafanyi chochote.

Udongo wa milima hii huwadanganya wageni. Mtu akiuona msitu ulivyoshamiri hudhani chini yake kuna rutuba isiyokwisha, ilhali udongo wenyewe ni mkongwe, mwekundu, wenye asidi, uliooshwa na mvua kwa muda usiohesabika, na chakula cha mimea kiko katika tabaka jembamba la juu pamoja na majani yanayooza. Ukiliondoa tabaka hilo umeondoa shamba. Mara nyingi niliwapigia wakulima hesabu ifuatayo kwa kijiti juu ya vumbi: unene wa milimita moja tu ya udongo, ukiondoka kwenye hekta moja, ni mita 10 za ujazo, yaani tani 12 hivi, mzigo ambao lori la tani saba haliwezi kuubeba kwa safari moja. Hakuna anayeiona milimita moja ikiondoka. Anachokiona ni mizizi ya mahindi ikianza kuchungulia, na mawe ambayo mwaka jana hayakuwepo.

Zao lililonifundisha zaidi kuhusu udanganyifu huo ni iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima wa zamani hakuukata msitu. Alifyeka vichaka na miche ya chini, akaacha miti mirefu isimame, akapanda iliki katikati yake. Kwa mbali uliona msitu. Ukiingia ndani uligundua kwamba hakuna mti mchanga hata mmoja, kwa kuwa kila mche ulioota ulipaliliwa kama gugu. Miaka ilipopita iliki ikapungua mavuno, mwenye shamba akapanda migomba, mihogo na mahindi, na miti mirefu ilipoanguka mmoja mmoja kwa uzee au kwa upepo haikuwa na warithi. Mteremko ukabaki wazi bila mtu yeyote kuweza kutaja siku msitu ulipokatwa. Tangu hapo sikuridhika tena na kuutazama mlima kutoka barabarani. Nimezoea kuinama na kutafuta miche.

Kazi yenyewe ya kuzuia udongo huanza na kifaa ambacho hakina gharama. Unachukua miti miwili iliyonyooka, yenye urefu sawa wa mita mbili hivi, unaifunga pamoja juu na kuitanua chini, unaweka mti wa tatu kwa ulalo katikati ili umbo liwe la herufi A, kisha unaning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Unasimamisha miguu ya fremu kwenye vigingi viwili, unatia alama mahali kamba inapougusa mti wa ulalo, unageuza fremu ili miguu ibadilishane mahali, unatia alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nayo kuukata mteremko, mguu mmoja baada ya mwingine, ukipigilia kijiti kila kamba inapotulia kwenye alama ya kati. Mstari unaotokea, ambao ndio huchimbwa mtaro wa kukinga maji, haunyooki. Unajipinda kuufuata mlima, na mara zote kuna mtu anayecheka kwamba bwana shamba amelewa. Cheko hukoma mvua ya kwanza inaposhuka na maji kusimama kwenye mtaro mzima kwa usawa, yakazama taratibu badala ya kukimbilia pembe moja na kubomoa.

Hata hivyo makinga maji si dawa ya kila mahali. Kwenye miteremko mikali sana, mtaro unaoshika maji huulowesha udongo kwa ndani, na masika yanapokuwa mazito mteremko mzima huweza kuteleza na kushuka. Sehemu za namna hiyo hazihitaji mtaro. Zinahitaji mistari ya majani yenye mizizi ya kushika, miti ya kudumu, na jembe likae mbali. Wako wataalamu waliokuja na kipimo kimoja cha mtaro kwa wilaya nzima kwa sababu mpango wa kazi ulihesabu mita zilizochimbwa. Mita zilipatikana. Baadhi ya mitaro hiyo ilikuja kuwa njia mpya za makorongo.

Nimeona pia kwamba mtaro unaodumu ni ule ambao ukingo wake una mlaji. Tulipanda majani ya tembo na ya gwatemala juu ya makinga maji, na mahali ambapo mkulima hakuwa na mfugo, baada ya misimu michache alianza kuyang'oa kwa kuwa yalimlia nafasi ya mahindi. Mahali palipokuwa na ng'ombe wa maziwa wa kufugwa ndani, majani yaleyale yalikuwa mali: hukatwa kila wiki, samadi hurudi shambani, na maziwa hupata soko hadi Tanga mjini. Mtaro ukibomoka, mama wa nyumba hautengenezi kwa ajili ya mazingira. Anautengeneza kwa sababu hapo ndipo chakula cha ng'ombe kinapoota. Kwa maoni yangu, ng'ombe mmoja aliye bandani amehifadhi udongo mwingi Usambara kuliko semina nyingi nilizohudhuria, pamoja na zile nilizoziendesha mimi mwenyewe.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Katika mto mpana wa tambarare, kipimo hicho hakimshangazi mtu. Huku juu, ambako kila bonde lina kijito na kila kijito kina pande mbili, hali ni tofauti. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa mita 64 hivi; ikiwa inapakana na kijito na mita 60 zikaondolewa, mwenye ekari anabaki na ukanda unaotosha safu chache tu za mahindi. Na ardhi anayoambiwa aiache ndiyo bora zaidi aliyo nayo, yenye unyevu wakati wa kiangazi, yenye magimbi, miwa na mboga zinazouzwa Januari na Februari ambapo shamba la juu limekauka.

Siku ya kupigilia vigingi katika kijiji kimoja, bibi mmoja alinifuata, akakishika kigingi kama mtu anayepima kama kimekaza, akasema, "Mwanangu, mimi sikatai sheria. Lakini hapa ndipo zinapotoka sare za wajukuu na dawa zangu. Mkishanitoa, hao watoto nitawasomesha kwa mivule?" Sikuwa na jibu ambalo lingemfaa, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa mpwa wake, alitazama pembeni. Vigingi vile havikukaa hadi masika. Hakuna aliyekiri kuving'oa, na kusema kweli hatukuuliza sana.

Tulipoirudia kazi, tuliirudia kwa mazungumzo ya kaya kwa kaya pamoja na kamati ya maji na watu wa mazingira wa wilaya. Makubaliano yalikuwa ya hatua. Ukanda wa karibu kabisa na maji, ambao upana wake ulitegemea ukali wa ukingo, jembe lilisimama mara moja, kwa sababu kuchimba magimbi kwenye ukingo ndiko kunakoubomoa. Sehemu iliyobaki ya mita 60 iliachwa ibadilike polepole kutoka mazao ya kulimwa kila msimu hadi mazao ya kudumu yasiyohitaji udongo kugeuzwa: migomba, mikarafuu, midalasini, pilipili manga inayopanda juu ya miti, na msambu, mti wa asili wa milima hii ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mikarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kumlipa mtu, kwa hiyo katika kipindi cha kusubiri migomba na maziwa ndivyo vilivyobeba kaya. Bibi yule alikuwa miongoni mwa wa mwisho kukubali, na alikubali kwa sharti kwamba jirani yake wa ng'ambo ya kijito akubali siku ileile. Sharti hilo lilikuwa na akili kuliko mpango wetu: ukingo mmoja ukihifadhiwa na wa pili ukilimwa, mwenye kuhifadhi anaona tope la mwenzake likipita mbele ya migomba yake na kujiona mjinga. Tangu hapo hatukuanza kijito chochote kabla ya pande zote mbili kukaa kikao kimoja.

Chemchemi zilinipa somo lingine. Desturi ya miradi mingi ni kujenga uzio kuzunguka jicho la maji na kupanda miti ndani yake. Uzio una faida, hasa wa kuzuia mifugo isikanyage na kunajisi maji, na ni vizuri birika la kunyweshea liwekwe chini mbali na jicho. Lakini maji yanayotoka kwenye jicho mwezi wa Februari hayakunyeshewa pale. Yalizama mlimani juu yake wakati wa vuli na masika. Mteremko ulio juu ukifyekwa ukabaki mtupu, hupokea mvua kama paa la bati, na chemchemi iliyozungushiwa uzio mzuri hupungua uzio ukiwa umesimama. Wazee wa Kisambaa niliowakuta walilijua jambo hili bila kulisomea: walikuwa na vichaka ambavyo haviguswi kwa sababu za mila, na vingi vilikuwa juu ya chemchemi, si pembeni yake.

Aina ya miti nayo ina maneno yake. Amani ina historia ndefu ya miti ya kigeni, kwa kuwa Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo mwaka 1902 na kuleta mimea kutoka pande nyingi za dunia. Miongoni mwa miti hiyo uko Maesopsis eminii, ambao asili yake ni upande wa Ziwa Viktoria. Ulipandwa kwa nia njema, ukapenda mahali pa wazi palipoachwa na ukataji wa magogo, hondohondo wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu, na leo unaota ndani ya msitu wa asili bila kuombwa. Mikaratusi nayo hukua upesi na hutoa kuni na nguzo, na mimi siichukii. Iwe mbali na maji, penye mashamba ya kuni. Nimewahi kusimama na wanakijiji tukibishana kama tukate mikaratusi iliyozunguka chemchemi yao, mali ya mzee mmoja aliyeipanda alipokuwa kijana. Ilikatwa baada ya kijiji kukubali kumwachia mbao zote na kumpa miche ya mikarafuu. Pale ikapandwa mikuyu pamoja na miti mingine iliyochukuliwa kama miche ya kuotea yenyewe kutoka mabonde ya jirani. Miche ya jirani hufanya vizuri kuliko ile inayoletwa kwa gari kutoka kitalu cha tambarare, ambayo imezoea joto na hushtuka kwa ukungu wa mlimani.

Sitaeleza sana habari ya dhahabu, ila siwezi kuiruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo waliingia katika milima hii, wakachimba hata ndani ya vijito, na zebaki ikatumika karibu na maji yanayonywewa na jiji. Serikali iliwaondoa, nao wamerudi kwa nyakati mbalimbali. Mashimo yaliyobaki kwenye kingo ni kazi nzito kuliko shamba lolote, kwa sababu mchanga uliogeuzwa hauna tabaka la juu na miche hufa. Tulichoweza kufanya ni kusawazisha kingo, kupanda majani kwanza, na kuacha miti ije baadaye.

Huko chini, Bwawa la Mabayani lilijengwa mwaka 1978 kwa ajili ya maji ya Tanga. Tope likizidi, mtambo wa kusafisha unahitaji shabu nyingi zaidi ili chembe zishikane na kuzama, na bwawa lenyewe linajaa udongo kutoka chini. Ndiyo maana wazo la watumiaji wa mjini kuchangia gharama za wakulima wa juu limekuwa likizungumzwa kwa muda mrefu, na Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi, unaojulikana kwa kifupi kama UWAMAKIZI, ni chombo ambacho wakulima wenyewe wamejiunga nacho wakiwa na jambo hilo akilini. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaofaa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu yake. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kama mkazi wa mkoa, na papo hapo nikawaza kama mwana ugani: bomba jipya linabeba maji ya mteremko uleule. Mkulima anayeacha magimbi yake anatoa huduma kwa mtu wa mjini, na huduma hiyo inastahili bei, kama ilivyo bei ya shabu.

Mto unapofika baharini kuna mikoko, na huko pia nilipelekwa kusaidia vikundi vya vijana wa pwani. Wengi walikuwa wakichomeka vikonyo vya mkoko katika tope tupu lililo wazi kwa mawimbi, kwa sababu mbegu za mkoko ni ndefu, rahisi kuokota na rahisi kupigia picha. Zilifagiliwa na maji. Mzee mmoja mvuvi alituonyesha kwa kidole jinsi mikoko inavyojipanga yenyewe: mlilana mbele kabisa ukiikabili bahari, mkoko nyuma yake penye vijito vya maji, mchu sehemu za juu zenye chumvi. Mahali palipokuwa na mikoko zamani na maji bado yanaingia na kutoka vizuri, miche iliota bila kupandwa na mtu. Kazi yetu ikawa kuzibua njia ya maji iliyozibwa na kuzuia ukataji. Tope la ziada kutoka mtoni nalo hufukia mizizi ya kupumulia ya mchu, kwa hiyo vijana wale walitaka kujua kinachofanyika Muheza kuliko walivyotaka miche mingine.

Mambo hayo yote yamebadilisha namna ninavyokadiria gharama ninapoombwa ushauri na kikundi. Miradi mingi ya miaka mitatu au mitano hulipia kupanda, huhesabu miche, huondoka. Mche wa ukingo wa kijito hufa kiangazi cha pili, au humezwa na magugu, au hukanyagwa na mbuzi, wakati ambapo hakuna tena bajeti wala gari. Kikundi ninachofanya nacho kazi sasa, baada ya mimi kustaafu, kimeomba kulipwa kwa miti iliyo hai baada ya kiangazi cha tatu, si kwa miche iliyopandwa, na kimepunguza idadi ya miche ili fedha ziwalipe vijana wawili wanaopalilia, kung'oa Maesopsis changa kwenye kingo na kuzibua mitaro kabla ya masika. Mfadhili ameandika kuuliza kwa nini safari hii picha za siku ya kupanda ni chache. Katibu amemjibu kwamba aje Machi, wakati wa kuzibua mitaro, na avae mabuti.